Chumba cha Kusukia Vyondo Kiwe Kama Nyumbani

Akina mama wa vikundi vya vyondo huko Ukambani, hebu tuulizane: mbona mama akiwa kwake husuka akiongea na kucheka mpaka jioni, lakini kwenye chumba cha kikundi amechoka kabla ya saa sita? Mara nyingi chumba chenyewe kilikuwa stoo. Ni giza, joto na benchi bila mgongo.

Shida kubwa ni mwanga. Gizani uzi wa kahawia na ule mweusi hufanana, na kosa huonekana kiondo kikiwa mkononi mwa mnunuzi. Ikweta inapita Kenya, kwa hivyo madirisha yakielekea kaskazini na kusini, na paa likitokeza nje kidogo, mnapata mwanga bila jua la machoni. Dirisha la magharibi, hapana! Jua la saa kumi litawafukuza. Ndani pakeni chokaa nyeupe. Mwanga utaongezeka bila kununua taa.

Mabati matupu huchoma mchana, na mvua ikinyesha hamsikizani. Wekeni dari, hata ya mikeka, na mwache nafasi ya hewa kupita juu yake. Ukuta wa udongo msiudharau, huchelewa kushika joto.

Anayependa kukaa chini apewe mkeka na ukuta wa kuegemea. Nyuzi zitundikwe wazi, kila rangi mahali pake: chumba kinapendeza, na hakuna kupekua magunia. Watoto wapate kona yao. Chai, bila shaka. Lakini sufuria ya kuchemshia rangi ibaki nje, moshi wake ni adui wa macho.