Walikamata Riwaya, Mwandishi Wakamwacha

Februari 14, 1961, makachero wa KGB walifika nyumbani kwa Vasily Grossman, Moscow. Yeye hawakumgusa. Walichofuata ni riwaya yake, Maisha na Majaaliwa. Walizoa nakala walizozikuta, pamoja na karatasi za kaboni na utepe wa taipureta. Sisi tuliowahi kula mshahara kwa taipureta hatushangai: kaboni iliyotumika mara moja, ukiiinua kwenye mwanga, unasoma barua nzima ya bosi.

Grossman hakuwa mpinzani wa kuzaliwa. Myahudi wa Berdychiv, Ukraine, aliyezaliwa 1905, alisomea kemia, akafanya kazi kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Donbas, kisha kiwanda cha penseli Moscow. Vita vya Pili vya Dunia vilipoifikia nchi yake akawa mwandishi wa gazeti la jeshi, Krasnaya Zvezda. Alikuwa Stalingrad mabomu yakinyesha, na askari walimpenda kwa sababu aliandika habari zao kama walivyoziishi. Mwaka 1944 aliandika juu ya Treblinka, kambi ya mauaji ya Wanazi.

Mama yake alibaki Berdychiv. Septemba 1941 Wajerumani walimuua pamoja na maelfu ya Wayahudi wa mji huo. Grossman alijilaumu maisha yake yote kwa kutomleta Moscow mapema. Miaka kadhaa baadaye alikuwa bado akimwandikia marehemu barua.

Kosa la riwaya hiyo lilikuwa nini? Ndani yake ofisa wa Kinazi anamwambia mfungwa, Mbolsheviki mkongwe, kwamba serikali zao mbili, ya Hitler na ya Stalin, zinafanana. Hilo halikusameheka. Lakini ninachomheshimia zaidi ni kwamba hakujitoa lawamani. Mwaka 1953, Stalin alipowaandama madaktari Wayahudi, Grossman alitia saini barua ya kuwalaani. Kwenye riwaya, mwanafizikia Viktor Shtrum naye anasaini barua ya aibu, tena baada ya kuonyesha ushujaa. Waandishi wengi wangejiandikia shujaa asiyetetereka.

Alimwandikia Khrushchev, kiongozi wa nchi baada ya Stalin, akiomba kitabu kiachiwe huru. Aliitwa kwa Suslov, mkuu wa itikadi wa chama, akaambiwa hakiwezi kuchapishwa hata baada ya miaka 200. Alifariki kwa saratani Septemba 1964, bila kukiona kikichapwa.

Ila alikuwa amewaachia marafiki nakala, mmojawao mshairi Semyon Lipkin. Mwanafizikia Andrei Sakharov alisaidia kuipiga picha, mwandishi Vladimir Voinovich akashughulikia kuivusha mpaka. Kitabu kilitoka Uswisi mwaka 1980, na Urusi yenyewe mwaka 1988.

Ni kitabu kinene, chenye majina ya kuchosha. Usianzie ukurasa wa kwanza. Tafuta sura ambamo mama yake Shtrum, akiwa amefungiwa kwenye geto la Wayahudi, anamwandikia mwanawe barua ya mwisho. Ukiimaliza, mengine utayasoma bila kusukumwa.