Safari ya Nukta Milioni Mbili

"Mjomba, mbona kioo kikubwa kimekuwa cheusi? Laptopu inawaka, monita ina taa, waya tumechomeka. Sasa picha imekwenda wapi?"

Ahsante, mpwa wangu. Swali lako ni zuri kuliko unavyodhani. Wakubwa wengi hawaulizi picha imekwenda wapi. Huipiga monita kofi mgongoni, kisha wanasema imekufa. Wewe umeuliza imekwenda wapi, na anayeuliza hivyo ameshaanza kuwa fundi. Sogea karibu. Na wengine mlioko mlangoni, ingieni mkae.

Sikilizeni. Picha ya kwenye kompyuta ni nukta. Nukta ndogo ndogo, nyingi nyingi, kila moja na rangi yake. Mafundi huziita pikseli. Monita nyingi za siku hizi zina nukta 1,920 kutoka kushoto kwenda kulia, na nukta 1,080 kutoka juu kwenda chini. Chukueni daftari mzidishe. Mtapata 2,073,600.

"Zote hizo zinapita kwenye waya mmoja?"

Zote. Tena hazipiti mara moja zikaisha. Hupita mara 60 katika kila sekunde.

Basi fikirini barabara. Mwanzo wake ni nyumbani kwa Laptopu, mwisho wake ni uani kwa Monita. Nukta ni wageni wanaokwenda kwenye shughuli. Kila mgeni amepangiwa mahali pake uani, mstari wake na nafasi yake. Akifika anakaa. Hajakaa vizuri, kundi jingine limeshafika. Nukta zinasafiri, wapwa zangu, nukta zinasafiri. Kwa hiyo kioo kikileta vituko, swali letu ni moja tu: safari imekatikia wapi?

Na ni nani anayeijua barabara kuliko barabara yenyewe? Leo tumwachie Kebo azungumze.

"Mimi ni Kebo wa HDMI," akasema Kebo, akajinyoosha mezani. "Ukoo wetu ulianza mwaka 2002. Hapa mdomoni nina pini 19. Watu huniona mwembamba, wakadhani kazi yangu ni kupitisha picha tu. Hapana. Kabla ya picha kuna hodi."

"Hodi?" watoto wakauliza.

"Ndiyo, hodi! Laptopu hutuma umeme kidogo sana, volti 5, kupitia pini yangu ya 18. Monita akiupata, hujibu kupitia pini ya 19: nipo, karibu. Laptopu humuuliza: je, uani kwako panaenea wageni wangapi? Hapo Monita hutoa hati yake. Ndani yake mna alama ya kampuni iliyomtengeneza, ukubwa wa kioo chake, idadi ya nukta anazoweza kupokea, na ni mara ngapi kwa sekunde. Sehemu ya msingi ya hati hiyo ni baiti 128 tu. Herufi za maneno niliyosema sasa hivi ni nyingi kuliko baiti hizo. Laptopu akishaisoma, ndipo anawaruhusu wageni kuondoka."

"Na hodi isipojibiwa, Kebo?"

"Hakuna mgeni anayeondoka. Monita anakaa gizani, anaandika 'No Signal', kisha analala."

Mmesikia? Kwa hiyo kioo cheusi mara nyingi si kioo kibovu. Ni hodi isiyojibiwa. Mtazameni Kebo mdomoni. Je, ameingia mpaka mwisho, au kichwa kimebaki nje kidogo? Shika kichwa chake, usishike waya, usukume taratibu mpaka kikae. Kisha nenda upande wa pili ufanye vivyo hivyo. Mulika tundu kwa tochi ya simu. Vumbi la miezi mingi hujaa humo, na kama laptopu imezimwa, pumzi ya kopo la hewa hulitoa. Msichokonoe kwa sindano. Nasema tena, msichokonoe kwa sindano! Pini moja ikilala, hodi nayo imelala.

"Mjomba, tumesukuma. Bado giza."

Vizuri, sasa tazameni milango. Hili ndilo kosa ninalolikuta kuliko yote, na halina aibu yoyote. Monita nyingi zina mlango zaidi ya mmoja. Wageni wamefika mlango wa HDMI 2, mwenyeji anawasubiri mlango wa HDMI 1. Wote wapo, wote wazima, lakini hawaonani. Tafuta kitufe chini ya monita au nyuma yake. Kwenye televisheni kiko kwenye rimoti, kimeandikwa 'Source' au 'Input'. Kibonyeze, chagua mlango ulipomchomeka Kebo. Mara ngapi nimeona picha ikirudi hapo hapo, na watu wakapiga makofi!

Kama bado, anzeni hodi upya. Chomoa ncha zote mbili za Kebo. Zima monita, mwombe mtu mzima aichomoe kwenye umeme, msubiri kama nusu dakika, kisha rudisheni kila kitu. Mnawapa wenyeji nafasi ya kuamkiana tena kuanzia mwanzo.

"Lakini mjomba, mimi laptopu yangu inasema imeiona monita, na bado picha haiendi."

Mpwa wangu, wewe una macho! Hapo barabara ni nzima, ila wageni wameambiwa wabaki nyumbani. Kwenye Windows, shikilia kitufe chenye nembo ya Windows, kisha bonyeza herufi P. Utaletewa njia nne. Ya kwanza, picha ibaki kwenye laptopu peke yake. Ya pili, vioo vyote viwili vionyeshe kitu kimoja. Ya tatu, kioo kikubwa kiwe nyongeza, upate eneo la pili la kufanyia kazi. Ya nne, picha iende kwenye kioo kikubwa tu. Wengi wamekwama kwenye ile ya kwanza bila kujua.

Kuna na siri nyingine ndogo. Bonyeza kitufe cha Windows, Ctrl, Shift na B kwa pamoja. Kioo hupepesa mara moja. Hapo umeiamsha upya programu inayosimamia picha ndani ya kompyuta, na kazi uliyokuwa ukiiandika haipotei. Picha ikiganda, jaribu hivyo kwanza kabla ya kuizima kompyuta nzima.

Sasa ukungu. "Mjomba, picha imefika, lakini maandishi yana ukungu."

Hebu nionyeshe. Ahaa. Umechagua vioo viwili vionyeshe kitu kimoja. Laptopu nyingi za bei nafuu zina nukta 1,366 kwa 768. Monita yako ina 1,920 kwa 1,080. Ukiwaambia wafanane, mara nyingi mkubwa hulazimika kumfuata mdogo. Wageni wanaofika ni wachache, kwa hiyo wananyooshwa nyooshwa wajaze ua mkubwa, na herufi zinapoteza makali. Chagua ile njia ya nyongeza, kisha ingia kwenye mipangilio ya kioo, mchague Monita peke yake, na umpe idadi ya nukta iliyopendekezwa. Tazama sasa herufi 'a' ilivyosimama. Si unaona hadi kitundu chake cha katikati?

Kingo za picha zikikatika kwenye televisheni, hilo halina uzito. Televisheni zina desturi ya zamani ya kuikuza picha kidogo na kuficha kingo zake. Ingia kwenye menyu yake ya ukubwa wa picha, uchague picha ionyeshwe nzima bila kukuzwa. Basi.

Tuje kwenye chenga. Kebo, wewe useme, maana lawama hizi ni zako.

"Kweli," akasema Kebo kwa sauti ya chini. "Mkiona vinukta vyeupe vinamulikamulika juu ya picha, au kioo kinazima sekunde mbili kisha kinawaka tena, mimi nimeelemewa. Kuna vioo vinavyoitwa 4K. Hivyo vina nukta 3,840 kwa 2,160. Hao ni wageni mara nne ya wale wa kwanza! Ndugu zetu wa mpangilio wa HDMI 1.4 wa mwaka 2009 huweza kuwapitisha mara 30 tu kwa sekunde. Ndiyo maana mshale wa kipanya unaonekana mzito, unaruka ruka. Wale wa HDMI 2.0, wa mwaka 2013, waliwapitisha mara 60. Na nikiwa mrefu sana, au nimekunjwa shingo nyuma ya kabati, baadhi ya wageni hupotea njiani."

Umesema kweli, Kebo, na hatukulaumu. Wapwa zangu, chenga zikianza, punguzeni msongamano ili mpime. Nenda kwenye mipangilio, punguza idadi ya nukta, au toka hezi 60, yaani mara 60 kwa sekunde, uende hezi 30. Chenga zikiisha, mmelipata jibu: nyumba zote mbili ni nzima, barabara ndiyo nyembamba. Tafuteni kebo fupi zaidi, au iliyo imara zaidi.

"Mjomba, na ile ya shuleni? Projekta ya shuleni inatoa picha ya njano!"

Oo, nilikuwa naisubiri hiyo! Ile ina kebo ya VGA, yenye kichwa kipana na skrubu mbili ubavuni. IBM waliuleta mtindo huo mwaka 1987, na bado uko kazini. VGA hupitisha rangi tatu, na kila rangi ina pini yake. Nyekundu hupita pini ya 1, kijani pini ya 2, bluu pini ya 3. Picha ikiwa ya njano, maana yake bluu haikufika, kwa sababu nyekundu na kijani za mwanga zikikutana zenyewe huzaa njano. Ikiwa ya zambarau, iliyopotea ni kijani. Ikielekea samawati, iliyopotea ni nyekundu. Umeona? Rangi mbaya inakutajia pini kwa namba yake! Chomoa kichwa, angalia kama kuna pini iliyopinda, rudisha, kaza skrubu zote mbili kwa vidole.

"Na laptopu ya dada haina tundu la HDMI, ina lile dogo lenye pembe za mviringo tu."

Hilo ni tundu la USB-C, na hapo muwe macho. Matundu hayo yanafanana sura, hayafanani kazi. Mengine hupitisha picha. Mengine huchaji na kuhamisha mafaili tu, na adapta ya kawaida ya HDMI haitakupa picha hapo. Tazameni pembeni ya tundu. Herufi D na P zilizoshikana, au alama ya radi ya Thunderbolt, humaanisha picha inapita. Alama zisipokuwepo, someni maelezo ya laptopu hiyo kabla ya kutoa hela.

Nataka mshike jambo moja nililojifunza kwa mafundi wazuri. Badilisha kitu kimoja, kisha tazama. Ukibadilisha kebo, mlango na mipangilio kwa pamoja, picha itarudi na hutajua ni kipi kilichoirudisha. Hamisha kebo ile ile kwenye monita nyingine. Ikikubali, kebo na laptopu ni wazima. Hamisha kebo nyingine kwenye monita ile ile. Ikikubali, mhalifu ni kebo ya kwanza. Taratibu, kimoja kimoja, mpaka mjue safari imekatikia wapi.

Haya, nendeni mkajaribu. Na nyumbani mkisikia mtu anataka kununua monita mpya kwa sababu ya kioo cheusi, mwombeni kwa adabu asubiri, mkaazime kwanza kebo ya jirani.