Fahamu: Manabii wa kale ndani ya mifano ya Yesu

Ngomeni, kaskazini mwa Malindi, inajulikana kwa samaki na chumvi. Vyote viwili vimo katika Ezekieli 47: wavuvi wanaanika nyavu, samaki ni wa kila aina, na mabwawa yameachwa yawe ya chumvi. Katika Mathayo 13, Yesu naye anasimulia juya lililokusanya kila aina, likavutwa pwani, wavuvi wakaketi kuchambua. Wasikilizaji wake walikuwa wamelelewa na maandiko ya Kiebrania, hivyo wangeweza kusikia mwangwi wake katika mifano hiyo.

Mwangwi ulio wazi zaidi umo katika mfano wa Msamaria mwema. Soma 2 Mambo ya Nyakati 28. Jeshi la Israeli limeleta mateka wa Yuda hadi Samaria, nabii Odedi anawakemea washindi. Wakubwa wanasimama: walio uchi wanavikwa, wanapewa viatu, wanalishwa, wanapakwa mafuta, na wanyonge wanapandishwa punda hadi Yeriko. Sasa rudi Luka 10: mtu aliyevuliwa nguo, mafuta kwenye majeraha, mnyama wa kupanda, njia ya Yeriko. Kwangu mimi, hiyo si sadfa. Yesu alimpa mwalimu wa sheria aliyemwuliza swali Msamaria ambaye maandiko ya mwalimu huyo mwenyewe yalishamwonyesha zamani.

Hata baba wa mwana mpotevu, katika Luka 15, anakimbia, anakumbatia na kubusu kama Esau alivyompokea Yakobo katika Mwanzo 33. Esau ndiye aliyedhulumiwa baraka, na ndiye aliyekimbia.