Mshale au Tarakimu?

Mwenye kufufua boti kuukuu ya injini, mathalani Chris-Craft ya mbao iliyoundwa Marekani miaka ya 1950, hushawishika kung'oa geji za mshale na kutia za tarakimu. Asifanye pupa. Tarakimu, kama neno, hutaka kusomwa. Mshale ni ishara, huonwa tu. Nahodha aliyeyakazia macho mawimbi huuona mshale wa joto ukipanda, akazima injini kabla haijaungua. Sikatai kwamba kwa kina cha maji tarakimu ni bora. Ila geji yoyote mpya ya mafuta sharti ioane na kipimo kilichomo tangini. Cha Kimarekani kwa kawaida huwa na ukinzani wa omu 240 tangi likiwa tupu, 33 likijaa; cha Ulaya huanzia 10 kikaishia 180. Ukivichanganya, tangi tupu litasomeka limejaa, nawe u katikati ya maji.