Fondyu: jibini inayoyeyuka bila kujitenga na mafuta yake

Tia jibini peke yake kwenye sufuria, uiweke juu ya moto mkali. Mwanzoni itakutii: italainika na kuanza kung'aa. Baada ya dakika chache utakuta vitu viwili visivyopatana tena, yaani donge gumu linalovutika na kugoma kutafunika, na kando yake dimbwi la mafuta ya manjano. Ukizidisha moto ili kuliokoa, unaliharibu zaidi.

Fondyu ya Uswisi ni jibu la tatizo hilo. Ni jibini iliyoyeyushwa kwa uangalifu ndani ya chungu kizito, pamoja na mvinyo mweupe, wanga kidogo na harufu ya kitunguu saumu, kisha ikaletwa mezani juu ya jiko dogo la spiriti. Kila mlaji ana uma mrefu. Anachoma kipande cha mkate, anakichovya, anakizungusha na kula. Kama mtaalamu wa maziwa, nakiheshimu chakula hiki kuliko vyakula vingi vyenye sifa kubwa zaidi, kwa sababu hakifichi kosa la mpishi.

Watu wengi wamesimuliwa kwamba fondyu ilizaliwa na wachungaji maskini wa milima ya Alps, waliokuwa wakiyeyusha jibini kavu na kuchovya mkate mkavu wakati theluji imefunga njia. Hadithi hii inapendeza, lakini maandishi yanatupeleka kwingine. Maelezo ya kupika jibini kwa mvinyo yamo katika kitabu cha mapishi kilichoandikwa mjini Zürich mwaka 1699, na Zürich ni mji wa wafanyabiashara, si zizi la mlimani. Mwaka 1825 Mfaransa Brillat-Savarin alichapisha fondyu yake, ambayo ilikuwa na mayai na kwa kweli ilikaribia mayai ya kuvuruga kuliko rojo tunalolijua leo. Mayai yaliondoka polepole katika karne ya 19. Hesabu nayo inaipinga hadithi ya wachungaji: gurudumu moja la jibini ya Gruyère lenye kilo 35 hivi linahitaji takriban lita 400 za maziwa. Hiyo ilikuwa mali ya kuuzwa mjini na ng'ambo, na mchungaji maskini asingeimaliza mwenyewe kwa jioni chache.

Hadi mwanzoni mwa karne ya 20, fondyu ilikuwa hasa chakula cha Uswisi ya magharibi, kwenye majimbo yanayozungumza Kifaransa. Ulioifanya chakula cha taifa zima ni Muungano wa Jibini wa Uswisi, ulioanzishwa mwaka 1914. Chombo hicho kilidhibiti uzalishaji na bei: kiliamua jibini zipi zitengenezwe na kwa kiasi gani, kikazinunua na kuziuza. Katika miaka ya 1930, soko la nje lilipodorora na maghala kujaa, Muungano ulianza kuwahimiza Waswisi wenyewe wale jibini zaidi, na fondyu ikatangazwa kuwa chakula chao wote. Vita Kuu ya Pili ilileta mgawo wa chakula. Baada ya vita kampeni ilirudi kwa nguvu zaidi, na vyombo vya fondyu vikapelekwa hata kwenye vikosi vya jeshi, ili vijana wakirudi makwao wawe wamekwisha kuizoea. Mwaka 1964, kwenye Maonyesho ya Dunia ya New York, mgahawa wa banda la Uswisi uliwalisha Wamarekani fondyu, na katika miaka iliyofuata chungu chenye uma ndefu kikawa pambo la karamu za nyumbani huko Marekani. Muungano wenyewe ulivunjwa mwaka 1999.

Wapo wanaosema kwamba hayo yote yanaifanya fondyu kuwa utamaduni wa kubuniwa. Siafiki. Tangazo linaweza kumfanya mtu aonje mara moja, lakini haliwezi kumfanya mjukuu wake aendelee kupika chakula kilekile kila majira ya baridi. Waswisi waliibakiza fondyu kwa sababu ni tamu, na kwa sababu inawalazimisha kukaa.

Sasa turudi kwenye sufuria. Jibini ni wavu wa protini iitwayo kaseini, na wavu huo umefungwa kwa kalsiamu. Ndani yake yamenaswa maji na mafuta. Joto likianza kupanda, mafuta huyeyuka kwanza, kisha wavu hulegea. Hapo ndipo jibini inapokuwa laini na ya kuvutia. Joto likizidi, protini hukazana upya, zinakumbatiana na kuyakamua maji na mafuta yatoke nje. Donge na dimbwi tulivyoviona mwanzoni ndiyo matokeo yake.

Mvinyo mweupe mkali huingilia kati kwa asidi yake. Asidi ya tatariki na ile ya sitriki huishika kalsiamu na kuiondoa mahali ilipokuwa ikifunga wavu. Protini zikishafunguliwa husambaa ndani ya maji na kuyazingira matone ya mafuta, hata yasiweze kukusanyika. Pombe yenyewe hulegeza rojo kidogo, lakini kazi kubwa ni ya asidi. Ndiyo maana mpishi wa Uswisi akiona chungu chake kinaanza kukatika hukamulia limau, anakoroga kwa nguvu, na mara nyingi mambo hutengemaa.

Wanga una kazi nyingine. Chembe zake hufyonza maji na kuvimba, rojo linakuwa zito, na protini zinakosa nafasi ya kukutana tena. Mwaka 2019 watafiti wa chuo kikuu cha ETH mjini Zürich walichapisha uchunguzi wa namna fondyu inavyotiririka, wakaonyesha kwamba kunahitajika angalau gramu 3 za wanga kwa kila gramu 100 za fondyu ili isijitenge. Kwa chungu cha watu wanne, chenye gramu 800 za jibini na theluthi moja ya lita ya mvinyo, hiyo ni kama gramu 35, kiasi ambacho wapishi wengi wa nyumbani hawakifikishi. Wanga huo ni ule unga mweupe laini wa mahindi ambao madukani unaitwa konflawa. Ukoroge kwanza katika maji baridi au mvinyo baridi. Ukiumwaga mkavu ndani ya jibini ya moto utapata madonge.

Umri wa jibini pia una uzito. Jibini changa mno bado ina protini ndefu, kwa hiyo hutoa nyuzi. Iliyokaa miezi kadhaa imekwisha kumeng'enywa kwa kiasi, na huyeyuka vizuri zaidi. Ile iliyozeeka sana na kukauka, wavu wake umevunjika kupita kiasi na huachia mafuta upesi. Kwa sababu hiyo Waswisi huchanganya. Katika jimbo la Neuchâtel wanapenda Gruyère na Emmental. Katika jimbo la Fribourg wanapenda nusu kwa nusu, yaani Gruyère kwa ajili ya ladha na Vacherin Fribourgeois kwa ajili ya ulaini.

Fribourg hiyohiyo wana fondyu nyingine ambayo wasomaji wengi wa makala haya wataifurahia: ya Vacherin pekee, inayoyeyushwa kwa maji kidogo, bila mvinyo. Jibini hiyo huyeyuka kwa joto dogo, na sheria kuu ni kwamba isichemke kamwe. Kwa hiyo asiyetumia pombe hana sababu ya kudhani kwamba fondyu si yake. Kwa jibini nyingine, maji na maji ya limau pamoja na wanga wa kutosha hufanya kazi ileile ya mvinyo.

Kemia hii ilikwenda mbali kuliko chungu cha mezani. Mwaka 1911, mjini Thun, Uswisi, Walter Gerber na Fritz Stettler walikuwa wakitafuta jibini ya kuuzwa nchi za joto bila kuharibika njiani. Waliipasha moto Emmental pamoja na chumvi ya asidi ya sitriki, na chumvi hiyo ikafanya kwa uhakika wa kiwandani kile ambacho mvinyo hufanya chunguni. Hapo ikazaliwa jibini ya kusindikwa. Zile pembetatu za karatasi ya fedha ambazo watoto wetu huzipaka kwenye mkate kuanzia Kinshasa hadi Muscat ni za ukoo huo. Na wa ukoo huo pia ni queso ya Texas, rojo la jibini la kuchovya ambalo huko nyumbani mara nyingi hutengenezwa kwa kuyeyusha Velveeta, jibini laini ya kusindikwa iliyobuniwa Monroe, New York, mwaka 1918, pamoja na nyanya za kopo zenye pilipili. Mafundi wa jibini huidharau. Mimi naona imetimiza kazi yake, kwa kuwa haikatiki hata ikikaa motoni saa nzima, ila ladha yake haina kina cha Gruyère.

Ulaji wa fondyu una adabu zake. Uma unafika chini ya chungu na kuzunguka, kwa sababu rojo hulegea linapokorogwa na huganda likiachwa. Anayeangusha mkate wake hutozwa faini ndogo ya kirafiki, kama vile kuwanunulia wenzake kinywaji. Mtu aliyelelewa kwenye sinia moja na ndugu zake pwani hahitaji kufundishwa mengine: kula upande wako, usikimbilie, mwangalie mwenzako. Mkate uwe wa jana, wenye ganda, kwani ulio laini huvunjika. Viazi vya kuchemsha navyo vinafaa sana. Kungumanga iliyokunwa wakati huohuo huamsha ladha yote, na Zanzibar na Pemba hatuna uhaba wake. Mwishoni, chini ya chungu hubaki ukoko wa jibini, wa rangi ya dhahabu, ambao hubanduliwa na kugawanywa sawasawa. Asiyeupata amenyimwa sehemu bora.

Kuna imani kwamba ukinywa maji baridi na fondyu, jibini hugeuka jiwe tumboni, na kwamba mvinyo au pombe kali ya cheri huisaidia kushuka. Mwaka 2010 madaktari wa Zürich walichapisha jaribio la watu 20 wenye afya, waliokula fondyu mara kwa mvinyo mara kwa chai ya rangi. Mvinyo ulichelewesha tumbo kumwaga chakula, wala haukuongeza wala kupunguza kuvimbiwa. Chai ya rangi inatosha kabisa.

Gruyère inayoletwa kwa ndege ni ghali Nairobi na Dar es Salaam, lakini hatulazimiki kuisubiri. Katika milima ya Masisi, juu ya Goma, hutengenezwa jibini ya aina ya Gouda tangu mapadri wa Kibelgiji walipoleta ufundi huo miaka ya 1970, na wafugaji wameendelea nayo licha ya vita vilivyowaondolea ng'ombe na malisho. Rwanda nao wana ya Gishwati, na Kenya ina viwanda vinavyotengeneza Gouda na cheddar nzuri. Chagua iliyokaa miezi michache, uikune, uiyeyushe kwa moto mdogo pamoja na wanga na limau. Ukiikuta jibini ya Masisi sokoni, inunue hiyo kwanza. Inayeyuka vizuri, na fedha yake inarudi kwa mfugaji anayeihitaji.