Chakula cha Bukhungu kisiachwe nje ya lango

Watu wa Kakamega hawahitaji kufundishwa namna ya kumkirimu mgeni. Mgeni wa heshima akibisha hodi katika boma la Mluhya, jogoo hukimbizwa uani kabla mgeni hajaketi vizuri, na firigisi haitolewi kwa yeyote tu. Ajabu ni kwamba mgeni huyo huyo, akitoka bomani na kwenda uwanjani kutazama kandanda, hugeuka kuwa mtu asiye na mwenyewe. Hulipa kiingilio chake, huketi juani, na tumbo lake huwa ni shauri lake na Mungu wake.

Nimelifikiria jambo hili kwa muda mrefu, na leo naomba ruhusa ya wasomaji nilizungumze kwa kirefu. Wako watakaocheka kwamba nchi ina shida chungu nzima na mimi naandika juu ya mayai ya kuchemsha. Na wacheke.

Uwanja wa Bukhungu si uwanja wa mtaani. Tarehe 3 Desemba 2017, Harambee Stars ilifungua mashindano ya CECAFA hapo kwa kuilaza Rwanda mabao 2-0, katika mashindano ambayo Kenya iliyatwaa wiki mbili baadaye huko Machakos, ilipoishinda Zanzibar kwa mikwaju ya penalti. Mwaka uliofuata, sherehe za kitaifa za Mashujaa zilifanyika papo hapo Bukhungu. Kakamega Homeboyz, wenyeji wa uwanja huo, walimaliza msimu wa 2021/22 wakiwa na pointi sawa na Tusker, wakaukosa ubingwa wa ligi kwa tofauti ya mabao tu. Na AFC Leopards, timu iliyozaliwa mwaka 1964 kwa jina la Abaluhya, ikija kucheza huku hurudi kwao hasa, nazo isukuti huvuma tangu asubuhi.

Sasa tumtazame shabiki wa siku kama hiyo. Ametoka Butere, au Malava, au Lugari. Mechi ni saa tisa alasiri, lakini matatu haina saa, basi ameondoka nyumbani saa nne. Atarudi giza limeingia. Hizo ni saa nane au tisa ambazo mtu mzima, na pengine mtoto wake wa miaka saba, hawana jiko wala mtungi wa kwao. Kwa hiyo chakula cha uwanjani si anasa. Ndicho chakula chao cha mchana, na kwa wengine ndicho cha siku nzima.

Hula nini? Aliyewahi kwenda uwanjani katika nchi hii anajua. Njugu karanga katika vikaratasi vilivyosokotwa. Mahindi ya kuchoma. Mayai ya kuchemsha yaliyopasuliwa na kujazwa kachumbari. Soseji zinazouzwa kwenye vigari vya kusukumwa. Mandazi, miwa, ndizi mbivu, soda, na maji ya chupa ambayo asili ya baadhi yake ni fumbo. Katika uwanja mmoja wa eneo hili la Magharibi, ambao sitautaja, niliwahi kununua chupa ya maji nikiwa na kiu ya kufa. Kifuniko kilifunguka bila kulia. Nilijua, nikanywa hata hivyo, kwa maana mwenye njaa hana miiko na mwenye kiu ndiye kabisa. Nililala kitandani siku tatu, na habari zilizobaki hazifai kuchapishwa gazetini.

Watu wengi hudhani hatari imo katika chakula chenyewe. Si kweli hata kidogo. Yai lililochemshwa likabaki ndani ya gamba lake ni miongoni mwa vyakula salama mno. Balaa huanza linapomenywa kwa mkono uliotoka kupokea noti, likapasuliwa kwa kisu kilichopanguswa kwa kitambaa kilekile tangu asubuhi, likatiwa nyanya na vitunguu vibichi vilivyooshwa kwa maji ya ndoo. Hindi lililotoka motoni likatiwa moja kwa moja mkononi mwa mlaji halina neno. Soseji nayo haidhuru ikiwa moto wa kuunguza, lakini ikikaa vuguvugu kwa saa tatu juani, vijidudu huwa vimepata malisho. Njugu zina hatari ya namna yake: zikihifadhiwa na unyevu huota ukungu wenye sumu ya aflatoksini, na sumu hiyo haimalizwi na kikaango. Hatujasahau mwaka 2004, mahindi yenye sumu hiyo yalipoua watu 125 katika sehemu za mashariki ya nchi.

Wala hatuna haja ya kwenda mbali kutafuta mfano. Mnamo Aprili 2023, katika kaunti hii hii, Shule ya Wasichana ya Mukumu ilifungwa baada ya mamia ya wanafunzi kuugua na wengine kufariki, akiwemo pia mwalimu, na serikali ikatangaza kwamba vipimo vilionyesha uchafuzi wa chakula na maji. Ikiwa hayo yaliweza kutokea shuleni, mahali penye jiko moja na wapishi wanaojulikana kwa majina, itakuwaje mahali penye wachuuzi hamsini na umati usioandikishwa popote? Shabiki akiugua Jumatatu kijijini kwao, hakuna atakayeuliza Jumapili alikula wapi.

Sheria tunazo. Sheria ya Afya ya Umma, Sura ya 242, na ile ya Vyakula, Dawa na Kemikali, Sura ya 254, zipo tangu zamani, na kila anayeshika chakula cha kuuza anatakiwa kupimwa afya kila miezi sita na kupewa cheti. Katiba ya 2010, katika Jedwali la Nne, ilizikabidhi kaunti kazi ya kutoa leseni na kusimamia wanaouzia umma chakula. Kwa hiyo Nairobi haina la kulaumiwa hapa. Tatizo ni kwamba katika miji mingi ya Kenya sheria hizo mchuuzi huziona tu zikija zimevaa sare na kushika rungu. Beseni hupigwa teke, njugu humwagika, mama hukimbia, na kesho yake hurudi na njugu nyingine zilizokaangwa kwa haraka zaidi na katika hali mbaya zaidi. Hakuna aliyepima kitu. Afya ya shabiki haikusonga mbele hata hatua moja, lakini ada ya shule ya mtoto wa yule mama imerudi nyuma muhula mzima.

Hapa ndipo ninapotofautiana na mabwana wanaodhani kuboresha chakula cha uwanjani ni kumpa zabuni tajiri mmoja, ajenge duka la vioo, auze soda na viazi vya pakiti kutoka Nairobi, na kina mama wasukumwe nje ya lango. Huko ni kuboresha uwanja kwa kuwaondoa wenyewe. Waskoti hula pai ya nyama wakitazama kabumbu, na hakuna aliyewaambia waione haya. Huko Uingereza, klabu ndogo ya Forest Green Rovers iliamua tangu 2015 kutouza nyama kabisa uwanjani kwake, na watu wakasafiri kwenda kuonja. Sisi tuna viazi vitamu, njugu mawe, uji wa wimbi, kuku wa kienyeji, na kumbikumbi katika msimu wake. Mgeni kutoka Mombasa au Kampala atakumbuka kumbikumbi wa Kakamega miaka ishirini baada ya kusahau matokeo ya mechi. (Miwa ningeiacha nje, kwa sababu moja tu: refa akikataa penalti, mua huacha kuwa chakula.)

Kinachohitajika si kikubwa. Kwanza ni maji. Kifungu cha 43 cha Katiba kinasema kila mtu ana haki ya maji safi na salama ya kutosha, na sioni palipoandikwa kwamba haki hiyo husimama langoni mwa uwanja. Mifereji michache ya maji yaliyotibiwa, bure, ingeua biashara ya chupa za kughushi bila askari hata mmoja. Kakamega, tena, ni nchi ya mvua. Ngurumo za alasiri ni kama sehemu ya ratiba ya ligi. Paa la jukwaa lenye mita mraba 1,000, likinyeshewa milimita 1,500 tu kwa mwaka, hupokea lita milioni moja na nusu. Hata theluthi yake ikipotea, yanayobaki yanatosha kunawia mikono na kusafishia vyoo msimu mzima. Na pasipo mfereji, kibuyu chirizi, ambacho watoto wa shule za msingi wanajua kukitengeneza, hufanya kazi ileile.

Pili ni mahali. Meza zilizoinuliwa kutoka ardhini, kivuli, pipa la taka, na nambari ya kila mchuuzi ili mlaji ajue alikula kwa nani. Afisa wa afya afike saa nne asubuhi, kabla ya umati, aangalie vyeti na maji. Asingoje saa nane aje na lori.

Kuhusu bei, tabia ya kupandisha kila kitu siku ya mechi kubwa ni ya kujipunja. Uwanja wa Mercedes-Benz ulipofunguliwa kule Atlanta, Marekani, mwaka 2017, wenyewe walikata bei za vyakula kwa nusu wakilinganisha na uwanja wao wa awali. Matumizi ya kila shabiki yaliongezeka kwa asilimia 16. Watu walikula zaidi kwa kuwa hawakujiona wameibiwa. Pombe sitaizungumzia sana. Sheria ya 2010 ipo, na anayetaka busaa anajua pa kuipata akirudi nyumbani.

Lipo pingamizi moja ambalo sina budi kulikubali. Siku za Leopards ni chache. Mechi nyingi za ligi hazijazi viti, na mchuuzi aliyelipa ada ya mwaka mzima atarudi nyumbani na beseni lake kama alivyokuja. Kwa hiyo ada iwe ya kila mechi, ndogo, na isitozwe kabisa siku ambazo kiingilio chenyewe hakikuleta kitu. Kaunti ikitaka faida, ingoje umati uje. Kenya, Uganda na Tanzania zilipewa Kombe la Afrika la 2027, na hata wageni hao wasipocheza Bukhungu, wapo watakaopita huku kuona msitu na kutafuta mechi ya jioni.

Majuzi nilimweleza mawazo haya mama mmoja ambaye nimenunua njugu zake kwa miaka mingi. Alinisikiliza huku akiendelea kusokota vikaratasi vyake. Nilipomaliza kumweleza habari za meza, mifereji na nambari, akanipa kifuko changu, akakataa kupokea chenji pungufu, kisha akaniuliza, "Sasa baba, wakishajenga hivyo vibanda, ufunguo atapewa nani?"