Chanjo: Kipimajoto kimoja hakitoshi bohari nzima

CHANJO iliyoganda na kuyeyuka inaweza kuonekana kama nyingine. Muuguzi huichukua, hudunga, na mama hurejea nyumbani akiamini kuwa mwanawe amekingwa.

Ili kuepusha hali hiyo, bohari kubwa za chanjo hufunga kundi la vifaa vya kielektroniki vinavyorekodi joto usiku na mchana, vyote vikiwa vimeunganishwa na kompyuta moja.

Chanjo nyingi hutakiwa kukaa kati ya nyuzi joto 2 na 8 za Sentigredi. Kwa kuwa umeme hukatika, wengi huhofia joto tu. Lakini chanjo ya homa ya ini, na ile ya pentavalenti ambayo Tanzania ilianza kuitoa mwaka 2009, huharibika zikiganda. Alama ya kwenye chupa inayobadilika rangi hutambua joto, haitambui kuganda.

Kazi huanza kwa kukipima chumba chenyewe. Hewa itokayo kwenye feni ya kupoza inaweza kuwa karibu na sifuri wakati mlangoni kuna nyuzi 7. Kipimajoto kilichotundikwa mlangoni, mahali panaposomeka kwa urahisi, hakiwezi kueleza lolote kuhusu maboksi yaliyo chini ya feni. Hivyo vihisi joto huwekwa pote pawili, juu na chini ya rafu, na katikati ya maboksi.

Mawimbi ya redio hupita kwa shida katika kuta za bati za chumba cha ubaridi. Njia rahisi ni kukiacha kifaa nje na kupitisha waya wa kihisi ukutani. Wanaotumia waya wa mtandao wa aina ya RS-485 wanaweza kuunganisha vifaa 32 kwa umbali wa hadi mita 1,200 hivi.

Kila kifaa lazima kipewe namba yake. Viwili vikiwa na namba moja hujibu kwa pamoja, na kompyuta haiambulii kitu.

Saa nazo zilinganishwe. Moja ikichelewa dakika 20, itakuwa vigumu kujua kama umeme ulikatika kwanza au mlango uliachwa wazi. Kifaa kinachorekodi kila baada ya dakika 10 hutoa vipimo 144 kwa siku. Kumi hutoa 1,440. Vipimo hivyo vibaki pia katika kumbukumbu ya kifaa chenyewe, ili mtandao ukikatika visipotee.

Kwa majokofu ya chanjo, viwango vya Shirika la Afya Duniani (WHO) vinataka kengele ilie joto likifika nyuzi 8 au zaidi kwa saa 10 mfululizo, au likishuka hadi nusu nyuzi chini ya sifuri kwa dakika 60. Tofauti ya muda huo inatosha kuonyesha ni hatari ipi isiyosubiri.

Jambo linalosahaulika mno ni umeme wa modemu inayotuma ujumbe wa simu. Ikitegemea soketi ileile ya jokofu bila betri, umeme ukikatika kengele nayo hunyamaza. Ni vyema mfumo ujaribiwe usiku wa mwisho wa wiki, kwa kuzima umeme makusudi kwa muda mfupi, ujumbe uende kwa watu wawili au zaidi, na mmoja wao awe ndiye mwenye ufunguo wa bohari.